Linda Ardhi Kwanza, Ndipo Upande Miti

Jiji linalokua likitangaza kwamba bonde fulani, dampo la zamani au njia ya reli iliyokufa itageuzwa kuwa bustani ya umma, bei ya ardhi jirani haisubiri miche iote. Huanza kupanda siku ramani inapotoka ofisini, na pengine wiki kadhaa kabla ya hapo, kwa sababu wanaopata habari mapema ndio wanaonunua mapema. Mkandarasi anapofika na katapila lake, viwanja vilivyokuwa vimelala vimeshapata wenyewe wapya, na wapangaji wameanza kuambiwa kwamba mkataba ukiisha hautaongezwa. Kufikia siku ya kukata utepe, swali la nani atapumzika chini ya miti hiyo limeshajibiwa.

Kwa hiyo bustani ni uamuzi kuhusu ardhi kabla haijawa uamuzi kuhusu mandhari. Halmashauri nyingi hulipanga jambo hili kinyumenyume: kwanza mchoro mzuri, kisha zabuni, kisha uzinduzi, na mwisho kabisa, malalamiko yanapozidi, kamati ya makazi ya gharama nafuu. Mpangilio huo ndio unaowaondoa watu. Miti haina kosa, na wala si kweli kwamba mtaa wa kipato cha chini ukipata bustani ni lazima upoteze wakazi wake.

Jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Birkenhead Park, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ilifunguliwa mwaka 1847 kwa fedha za umma, na sehemu ya hesabu yake ilikuwa kuuza viwanja vya nyumba vilivyoizunguka. Waliopanga walijua vyema kwamba nyasi zingepandisha bei. New York ilifuata njia hiyo. Ili kupata eneo la Central Park, mwaka 1857 jiji liliwaondoa wakazi wa Seneca Village, kijiji kilichoanza mwaka 1825 pale Wamarekani weusi walipoanza kununua viwanja vyao wenyewe. Kilikuwa na wakazi wapatao 225, makanisa na shule. Baadaye Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wawili wa bustani hiyo, alifuatilia jinsi thamani ya ardhi katika kata za jirani ilivyopanda, akaitumia kuonyesha kwamba bustani inajilipa yenyewe.

Inajilipa kweli. John Crompton, mtafiti wa Marekani aliyekusanya tafiti nyingi za aina hii, mwaka 2001 alipendekeza asilimia 20 kama makadirio ya kuanzia kwa nyumba inayopakana na bustani tulivu. Mapitio ya baadaye yaliteremsha makadirio hayo hadi kati ya asilimia 8 na 10. Hata ukichukua tarakimu ya chini, fikiria maana yake. Mwenye nyumba ameongezewa thamani bila kutoa jasho. Mpangaji wake hajapata chochote mkononi, lakini ndiye atakayedaiwa kodi mpya ya pango. Fedha iliyotengeneza ongezeko hilo ilitoka kwa walipa kodi wote, pamoja na huyo mpangaji.

High Line ya New York, bustani iliyopandwa juu ya reli ya zamani iliyoinuliwa hewani, ndiyo mfano unaoigwa zaidi duniani, na wanaouiga huangalia maua na mbao wakasahau kalenda. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009, lakini badiliko zito lilifanyika mwaka 2005, jiji liliporekebisha matumizi ya ardhi ya West Chelsea na kuruhusu haki za kujenga zihamishwe kutoka viwanja vilivyo chini ya reli kwenda viwanja vingine vya eneo hilo. Majengo ya kifahari yaliyoota pembeni ni tunda la karatasi hiyo kuliko la bustani. Na pembeni hapohapo pana majengo ya nyumba za umma ambayo wakazi wake hawakujiona ndani ya mradi. Mwaka 2017 mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alisema hadharani kwamba badala ya kuwauliza watu mchoro uweje, angetamani wangeuliza wawafanyie nini. Alistahili kusikilizwa kuliko alivyosikilizwa, kwa sababu miji inaendelea kuagiza High Line zao bila kuuliza swali hilo.

Atlanta ilikuwa na nia njema zaidi, na ndiyo sababu somo lake linauma. BeltLine, mzunguko wa kilomita 35 unaofuata reli za zamani, ulianza kama tasnifu ya mwanafunzi Ryan Gravel mwaka 1999. Mwaka 2005 jiji liliunda eneo maalumu la kodi: ongezeko la kodi ya majengo ndani ya eneo hilo lingelipia mradi, na asilimia 15 ya mapato halisi ya hatifungani, yaani mikopo ambayo ongezeko hilo lingeilipa, ingeenda kwenye nyumba za gharama nafuu. Lengo lilikuwa nyumba 5,600. Tatizo liko kwenye muundo. Fedha za makazi zilitegemea hatifungani, na hatifungani zilitegemea bei kupanda. Yaani mfuko wa kununua ardhi hujaa wakati ardhi imeshakuwa ghali, na ukitokea mtikisiko wa uchumi kama ule wa 2008 haujai kabisa. Mwaka 2016 Gravel mwenyewe alijiuzulu kwenye bodi ya shirika la ubia la mradi huo, akisema suala la usawa na makazi halikupewa uzito unaostahili.

Chicago nayo ilifungua njia ya kijani ya Bloomingdale, inayojulikana kama The 606, mwaka 2015. Wawekezaji wakawa wananunua nyumba za familia mbili au tatu, wanazivunja na kujenga nyumba ya familia moja. Tozo ya kuvunja nyumba katika eneo hilo ilipitishwa mwaka 2021: dola 15,000 kwa jengo, au dola 5,000 kwa kila makazi yanayopotea, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Tozo ni nzuri. Ilichelewa miaka sita.

Kabla ya kuchagua dawa ni lazima kujua watu wanaondoka kwa njia gani, maana njia ni zaidi ya moja na kila moja ina tiba yake. Mpangaji huondolewa na kodi ya pango au na mkataba kutoongezwa. Mwenye nyumba asiye na kipato kikubwa, hasa mstaafu au mjane, huondolewa na kodi ya majengo inayokokotolewa kwa thamani mpya. Mkazi asiye na hati huondolewa kwa barua moja, bila fidia au kwa fidia ya kuta tu, kana kwamba alikuwa anaishi hewani. Na fundi cherehani, muuza mkaa, kinyozi na gereji ndogo huondolewa kimyakimya kwa sababu mkataba wa fremu ni wa miezi michache tu. Hili la mwisho halihesabiwi karibu popote. Mtaa unaweza kubaki na wakazi wake wote na bado ukawa umekufa kwao, kwa kuwa kazi zao na huduma walizomudu zimehama.

Dawa iliyo imara kuliko zote ni kuitoa ardhi sokoni kabla haijapanda bei. Amana ya ardhi ya jamii hufanya hivyo. Chombo cha pamoja, chenye wakazi kwenye bodi, hushikilia hati ya ardhi daima. Familia humiliki nyumba iliyo juu yake na haki ya kutumia kiwanja kwa mkataba mrefu unaorithiwa. Familia ikitaka kuuza, inauza nyumba kwa kanuni iliyokubaliwa mwanzoni. Chukua mfano wa kanuni ya robo: nyumba ilinunuliwa kwa vipimo 100 vya fedha, leo inathaminiwa 180. Muuzaji anapata 100 zake pamoja na robo ya lile ongezeko la 80, jumla 120. Mnunuzi anayefuata anaingia kwa 120 badala ya 180. Muuzaji hakupoteza, na nyumba imebaki mikononi mwa watu wa kipato kilekile kizazi baada ya kizazi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya miji yetu inayokua bila hati uko San Juan, Puerto Rico, kando ya mfereji wa Caño Martín Peña. Mfereji ulikuwa umeziba kwa takataka na tope, unafurika, na pembeni yake watu wamejenga bila hati kwa miongo. Serikali ilipotaka kuuzibua, wakazi walielewa haraka kwamba ukingo wa maji safi ungekuwa dhahabu. Baada ya mamia ya mikutano, sheria ya mwaka 2004 ikaunda amana ya ardhi na kuihamishia viwanja vya umma, kabla mfereji haujazibuliwa. Mwaka 2009 wanasiasa waliichukua ardhi hiyo tena kwa sheria nyingine, na mwaka 2013 ikarudishwa baada ya mapambano marefu. Kwa hiyo haitoshi kusajili amana. Sheria iweke wazi kwamba ardhi haiwezi kuchukuliwa tena kwa azimio la baraza, na wakazi wawe na wakili wao, si wa kuazimwa kutoka halmashauri. Afrika Mashariki nayo imewahi kujaribu: mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi nchini Kenya, walichagua kumiliki ardhi kwa amana ya jamii badala ya hati ya mtu mmojammoja, wakihofia kwamba hati binafsi zingenunuliwa zote na wenye fedha.

Pale ambapo amana haiwezekani, hatua ya kwanza bado ni ileile: orodhesha kila kiwanja cha umma ndani ya umbali wa kama mita 800 kutoka mpaka wa bustani, pamoja na maghala ya mashirika ya serikali, vituo vya zamani vya mabasi na vipande vya hifadhi ya barabara, na uvizuie kuuzwa kabla ramani ya mradi haijatangazwa. Ni kazi ya wiki chache kwa mpimaji na karani wa masijala. Haifanywi kwa sababu hakuna anayeiagiza.

Hatua ya pili ni kutobadilisha matumizi ya ardhi bure. Kumruhusu mwendelezaji kupanda kutoka ghorofa 3 hadi 12 ni kumpa mali. Mwaka 2018 Vienna iliweka kanuni kwamba eneo la makazi linapopangwa upya kwa ukubwa unaozidi mita za mraba 5,000, theluthi mbili za nafasi ya kuishi iwe nyumba za ruzuku. Si kila jiji lina uwezo wa kufika theluthi mbili, lakini kila jiji linaweza kudai kitu kabla ya kugonga muhuri, maana baada ya muhuri halina tena cha kujadiliana. Kosa linalojirudia hapa ni kukubali fedha taslimu badala ya nyumba. Fedha inaingia mfuko mkuu, nyumba zinajengwa pembezoni kabisa mwa jiji, na mkazi aliyetakiwa kubaki karibu na bustani anapewa ufunguo wa nyumba iliyo saa mbili kwa basi.

Hatua ya tatu ni kurudisha kwa umma sehemu ya ongezeko la thamani. Colombia imekuwa na sheria ya mchango wa uboreshaji tangu mwaka 1921: wanaonufaika na barabara au mradi wa umma huchangia kulingana na walivyonufaika. Ukiitumia kwa bustani, gawa eneo katika kanda kwa umbali wa kutembea, na mwenye nyumba asiye na kipato umwekee deni kwenye hati lilipwe siku atakayouza au kurithisha. Bila kifungu hicho, mchango wenyewe unakuwa njia nyingine ya kuwaondoa wenyeji.

Wapo wanaopendekeza njia ya kati. Watafiti Winifred Curran na Trina Hamilton, wakichunguza Greenpoint huko Brooklyn, walieleza mwaka 2012 wazo la kijani cha kiasi: safisha sumu na maji machafu, panda miti, wape watu pa kukaa, lakini viwanda na ajira zibaki, na usijenge kivutio cha watalii. Wazo hili lina akili, hasa linapolinda kazi za mikono. Lakini lina hatari yake likiangukia kwa afisa mvivu, kwa sababu linaweza kugeuka kisingizio cha kuwanyima masikini kivuli kizuri kwa madai ya kuwalinda. Bora bustani nzuri kabisa juu ya ardhi iliyolindwa. Na bora zaidi nyingi ndogo zilizosambaa kuliko moja kubwa yenye jina, maana kitu kilicho kila mahali hakipandishi bei ya mahali pamoja.

Hapo ndipo vipimo vinaposaidia. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, inapendekeza karibu nusu ya ardhi ya mji iwe ya umma: asilimia 30 hadi 35 barabara na njia za miguu, asilimia 15 hadi 20 maeneo ya wazi. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inatumia kipimo cha eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk aliongeza mwaka 2021 kanuni rahisi ya 3, 30 na 300: miti mitatu inayoonekana kutoka kila nyumba, asilimia 30 ya mtaa ifunikwe na matawi, na mita 300 hadi bustani. Mpangaji miji makini atazipima mita hizo kwa miguu, kupitia lango. Bustani ya mita 200 kwa 250 ina mzingo wa mita 900. Ikiwekewa uzio na lango moja, mkazi anayeishi mkabala na ukuta wa nyuma anaona miti dirishani lakini anatembea hadi mita 450 kuingia. Malango sita, moja kila mita 150, hubadilisha idadi ya wanaohudumiwa kuliko chemchemi yoyote ya maji.

Bajeti nayo hufa ardhini, na huku hakuna anayetazama. Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa miti ya mjini ni takriban mita za ujazo 0.6 za udongo mzuri kwa kila mita ya mraba ya kivuli kinachotarajiwa. Mti wenye taji la kipenyo cha mita 8 hufunika kama mita za mraba 50, hivyo unahitaji mita za ujazo 30. Shimo la kawaida kwenye lami, mita 1.2 kwa 1.2 na kina cha mita 1, lina 1.44. Ndiyo maana miti ya barabarani hudumaa, hupasua njia ya miguu ikitafuta hewa, kisha hukatwa kwa kosa hilo. Zaidi ya hapo, katapila zilizopita wiki nzima zimeushindilia udongo wa chini. Bila kuulegeza hadi kina cha nusu mita, mche umepandwa kwenye bakuli la udongo mgumu na mvua ya kwanza inauzamisha. Pandeni mche sehemu ambapo shina linaanza kutanuka kuwa mizizi ikionekana juu ya ardhi, wekeni matandazo ya sentimita 5 hadi 10 yasiyogusa shina, na mmwagilie kwa misimu miwili au mitatu ya kiangazi. Mche wenye shina la sentimita 5 unahitaji kama lita 70 kwa wiki bila mvua. Miche 500 ni lita 35,000, yaani safari nne za lori la maji la lita 10,000 kila wiki. Kama safari hizo hazimo kwenye mkataba, miche iliyopandwa siku ya uzinduzi ilikuwa ya kupigia picha.

Katika mji wenye mafuriko, bustani inayofanya kazi ya mtaro inajitetea yenyewe bungeni na kwenye bajeti. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta 10 za mapaa na lami, ikiwa asilimia 80 inatiririka, ni mita za ujazo 4,000. Ukiteremsha hekta moja ya bustani kwa sentimita 40, kama uwanja wa mpira wenye ukingo wa nyasi, maji yote hayo yana pa kukaa. Yatakiwe kuisha ndani ya saa 48, mbu wasipate nafasi ya kukamilisha maisha yao. Singapore ilifanya jambo hili kwa ukubwa zaidi katika Bishan-Ang Mo Kio Park: mfereji wa zege wa kilomita 2.7 ukageuzwa mto unaopinda wa kilomita 3.2, bustani ikafunguliwa upya mwaka 2012. Kinachoharibu miradi midogo ya aina hii ni tope na chupa za plastiki. Jenga dimbwi dogo la kunasia takataka pale maji yanapoingia, liwe na njia ya kuteremshia mkokoteni, na lizolewe kabla ya kila msimu wa mvua. Lisipozolewa, bustani hugeuka bwawa linalonuka ndani ya miaka miwili, na kuna atakayesimama kusema eneo hilo linafaa kujengwa maduka.

Wachuuzi wanapaswa kuwamo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Seoul ilipobomoa barabara ya juu na kufungua kijito cha Cheonggyecheon, kilomita 5.8, mwaka 2005, wachuuzi wa kingo zake walihamishiwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Kisha uwanja ukabomolewa, wakahamishwa tena. Kinachohitajika kwao hakina gharama kubwa: ukanda uliosakafiwa wa upana wa mita 3 karibu na kila lango, bomba la maji, taa, choo, na leseni inayotolewa kwanza kwa waliokuwapo kabla ya mradi. Daftari la waliokuwapo liandikwe kabla ya tangazo. Likiandikwa baadaye, litajaa majina ya wageni.

Washington imeonyesha kwamba mpangilio sahihi unawezekana. Mpango wa maendeleo ya haki wa bustani ya daraja la 11th Street, juu ya mto Anacostia, ulichapishwa mwaka 2015, miaka mingi kabla ya ujenzi wa daraja lenyewe kuanza, na ukazaa amana ya ardhi, mafunzo ya kazi na msaada kwa wanunuzi wa nyumba ya kwanza. Kasi hiyo ndogo huwakera wafadhili. Lakini ndiyo iliyowapa wakazi muda wa kushika ardhi.

Kwa diwani anayeletewa mchoro wa bustani wiki hii, karatasi za kudai kabla ya kupiga kura ni hizi: hati ya bustani yenyewe iliyosajiliwa kama eneo la umma lisilouzika, maana hata Uhuru Park ya Nairobi ilibidi Wangari Maathai aipiganie mwaka 1989 isijengwe jengo la ghorofa 60, orodha ya viwanja vya umma vilivyozuiwa kuuzwa, daftari la wapangaji, kodi wanayolipa sasa na biashara zilizopo, na mkataba wa matunzo wa miaka 10 wenye chanzo cha fedha kilichotajwa kwa jina. Daftari lirudiwe kila miezi sita na kubandikwa ofisi ya mtaa. Kodi za pango zikipanda kwa kasi inayozidi kiwango kilichokubaliwa, vibali vipya vya ghorofa visimame hadi nyumba zilizoahidiwa ziwe na watu ndani.